Pampu Tano kwa Kanga Mmoja

Jumanne, 8 Julai

Siku ya ishirini na tano ya ndoa. Sabiha bado ni mzuri. Nilidhani macho yangu yangezoea. Hayajazoea. Asubuhi alikuwa anachuja chai, mvuke unampanda usoni, nikasahau kwamba nimevaa kiatu kimoja tu. Nikafika getini hivyo hivyo.

Jioni simu kutoka Busi. Baba mkwe, Mzee Halfani. Anatutaka Jumapili ya tarehe 20, ziara yetu ya kwanza ukweni tangu harusi. Jambo jema. Halafu akamwambia Sabiha, na simu ilikuwa kwenye spika: "Mwambie yule mgeni wangu asisahau kanga wake."

Maelezo kwa ajili ya wajukuu watakaosoma daftari hili. Mgeni ni mimi. Mzee Halfani ana wakwe wengine watatu, wote anawaita wanangu. Mimi muuza mapazia wa mjini ananiita mgeni. Hata siku ya akdi alisema mgeni asogee tupige picha. Wakati wa ujana wake ulikuja mwaka wa njaa, na nyumba yao ilivuka mwaka ule kwa kanga wa porini na sungura wa mlimani. Tangu hapo hamwamini mwanamume ambaye chakula chake chote kinatoka dukani.

Na kanga je? Wakati wa uchumba nilimwambia Sabiha kwamba mimi ni mwindaji. Kwamba asubuhi moja nilipata kanga saba kabla ya chai. Sijawahi kupata hata mmoja. Nilisema kwa sababu alikuwa ameinamisha uso na mimi nilitaka auinue. Akauinua. Angechelewa kidogo ningesema simba.

Sabiha akawaambia shangazi zake wanne. Shangazi wakaiambia Kondoa. Siku ya harusi Mzee Halfani akatangaza mbele ya watu kwamba siku mume huyu atakapoweka kwenye sinia lake kitoweo cha mkono wake mwenyewe, siku hiyo atamwita mwanangu. Sabiha, hina haijakauka, akajibu: "Utamwita, baba." Bibi harusi hajibu hivyo. Huyu wangu alijibu.

Kwa jibu lile sikubali kushindwa na ndege. Siku kumi na mbili zimebaki. Nahitaji bunduki.

Jumatano, 9 Julai

Nilipofunga duka nilikwenda Msalato kwa Mjomba Uwesu, kaka yake mama. Alikuwa askari wa wanyamapori miaka thelathini. Sasa amestaafu, ana goti bovu, tangi jeusi la maji analolipenda kama mtoto, na bunduki tatu halali ambazo karatasi zake zote zimo ndani ya mfuko wa nailoni. Nikampa shikamoo. Akasema marahaba, haya sema shida, maana wewe huji hapa kunisalimia.

Nikasema. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Akaendelea kucheka.

Alipokwisha kubadili suruali aliniuliza mkwe wangu ni mtu wa dini kiasi gani. Nikasema wa safu ya kwanza. Basi, akasema, mzee wa namna hiyo hali nyama ambayo kisu hakikuikuta hai. Ndege akifia kwenye risasi ni nyamafu, umewafanyia mbwa karamu. "Wewe mpwa hutafuti bunduki ya kumuua kanga. Unatafuta bunduki ya kumwomba asubiri."

Akazilaza zote tatu juu ya mkeka. Ya kwanza ni pointi ishirini na mbili, ya risasi za baruti, kitako chake cha mti wa rangi ya asali. Ya pili ni bunduki ya upepo ya springi. Unakunja mtutu, unatia kijirisasi kimoja, unapiga. Ya tatu ni bunduki ya upepo ya pampu. Unavuta mkono uliopo chini ya mtutu na kuusukuma, mara mbili mpaka mara nane, na nguvu yake inategemea umepampu mara ngapi.

Nilipenda ile ya asali papo hapo. Nilijiona nimeibeba nateremka kilimani, jua nyuma yangu, Sabiha amesimama mlangoni. Mjomba akasema ile ingemtenganisha kanga na roho yake kabla hajasikia mlio, na wenzake wangehamia Singida. Masharti yake mengine: hakuna bunduki itakayotoka mbele ya macho yake, kibali cha kuwinda ndege atakishughulikia mwenyewe, na nitapiga yeye akiwepo au sitapiga kabisa.

Nimekubali yote. Lakini kabla ya kuondoka nilipiga picha na ile ya asali, ikiwa haina kitu ndani, mguu mmoja juu ya ndoo. Nikamtumia Sabiha. Akajibu mioyo kumi na moja. Nimeihesabu mara mbili.

Ijumaa, 11 Julai

Picha imefika Busi. Sabiha aliipeleka kwa shangazi mmoja tu, kwa hiyo wameiona wote.

Mudrick ameandika kwenye kundi la ukoo. Mudrick ni binamu yake Sabiha, mtegaji wa mitego ya kamba, mabega kama kabati. Inasemekana alikuwa na mawazo yake kuhusu Sabiha kabla yangu. Ameandika hivi: "Shemeji mbona umeishika kama fagio?"

Watu ishirini na sita wamecheka. Mmoja wao ni mama mkwe.

Nimejibu kwa utulivu kwamba huo ni mshiko wa kisasa. Sabiha alisoma jibu langu, akanitazama, akaweka kichwa begani kwangu. Akasema nisimjali Mudrick, huyo hata fagio hajawahi kulishika. Nina mke ambaye ulimi wake peke yake ni silaha. Ningeweza kumpeleka yeye porini.

Jumamosi, 12 Julai

Mazoezi ya kwanza, Msalato. Bunduki ya springi. Shabaha ni boga juu ya kigogo. Mjomba akasema nikadirie umbali. Mimi nakadiria upana wa dirisha lolote kwa jicho, sikosei hata kidole. Nikasema mapazia kumi na mawili ya mita moja na nusu. Mjomba akapima kwa hatua, akakuta ni kweli, mita kumi na nane. Akakasirika kidogo.

Hapo ndipo sifa zangu zilipoishia.

Bunduki ya springi inaruka mbele na nyuma kama mbuzi anayekataa kamba. Kijirisasi chenyewe ni kama punje ya dengu yenye kiuno. Na upepo wa Julai hapa kwetu mnaujua. Nilipiga mara thelathini. Mara ya kumi na nne boga lilitikisika, lakini mjomba anasema ulikuwa upepo.

Nikamwambia tatizo ni silaha, anipe ile ya asali. Akasema bunduki ni kama pazia, huanzi na uzuri wake, unaanza na dirisha. Dirisha langu ni ndege wa kilo moja na nusu, karibu, aliye hai mpaka kisu kifike. Maneno hayo ya pazia na dirisha ni ya kwangu. Nawaambia wateja kila siku. Yeye aliyasikia dukani. Kushindwa na maneno yako mwenyewe ni jambo linaloumiza.

Nimerudi nyumbani Nzuguni na bega la zambarau. Sabiha amelikanda kwa maji ya chumvi. Nikimwona anavyokunja uso kwa huruma nasema nitapiga hata kwa bega la kushoto.

Jumapili, 13 Julai

Nimepata ufumbuzi. Mimi peke yangu.

Bunduki ya pampu! Nguvu yake unaipanga mwenyewe. Kwa hiyo ipo idadi fulani ya pampu ambayo haimuui ndege wala haimwachi aende zake, inamzimisha tu, kama mtu aliyepewa habari nzito. Kazi ni kuipata idadi hiyo. Nimefanya utafiti kwa boga jipya na kuandika matokeo.

Pampu mbili: boga halikujua.

Pampu tatu: kijirisasi kimegonga, kimeanguka chini, boga lina alama ya ukucha.

Pampu tano: kimeingia nusu kidole.

Pampu saba: kimetokea upande wa pili.

Pampu nane: tangi la maji la mjomba.

Lilikuwa nyuma ya boga. Mbali, lakini nyuma. Mjomba alikuwa ameniambia mara tatu kwamba kabla ya kutazama shabaha nitazame kilicho nyuma yake, na mimi nilitazama, nikaona tangi, nikasema sitakosa boga.

Nilisimama na kidole ndani ya tundu tangu saa nne mpaka adhuhuri, mjomba akitafuta fundi. Mtaa ule maji hutoka mara mbili kwa wiki, kwa hiyo sikuthubutu hata kukuna pua. Majirani walikuja kwa zamu. Mmoja akauliza kama mimi ndiye koki mpya. Sabiha akapiga simu. Nikapokea kwa mkono wa kushoto, nikamwambia niko mazoezini na siwezi kuacha nafasi yangu. Akasema anajivunia mimi. Maji yalikuwa yananiingia kwapani.

Hata hivyo utafiti umefanikiwa. Jibu ni tano.

Jumanne, 15 Julai

Sabiha aliuliza swali wakati wa chakula, sauti ya kawaida tu, akimega ugali. Aliuliza kanga akishaanguka nitamchinja mwenyewe au Mjomba Uwesu.

Nikasema mwenyewe, bila shaka. Baba amesema mkono wangu, na mkono ni mkono wote, pamoja na kisu.

Akasema vizuri. Basi kesho kuna kuku wa kuchinja.

Sasa naandika jambo ambalo halimo kwenye picha ya ndoo. Sijawahi kuchinja. Nyumbani kwetu alichinja baba, akafuata kaka. Mimi nilishika miguu nikatazama pembeni. Sio woga. Ni kwamba kuku ana namna ya kukutazama kama mteja uliyemwahidi mzigo wake Ijumaa. Na mke, kama mnavyojua, hachinji wakati mume yupo. Anakuletea kuku na kisu mlangoni, anasubiri na maji ya moto. Tangu tuoane wameletwa kuku wawili. Wote nimewapeleka nyuma ya nyumba, nikawapitisha juu ya ukuta kwa jirani yetu Harithi, fundi rangi, akachinja, akawarudisha. Nikaingia ndani nikinawa mikono kwa kishindo.

Jumatano, 16 Julai

Kuku wa tatu. Nilikuwa nimeapa kwamba leo ni mimi. Nilimwelekeza kibla, nikavuta pumzi. Akanitazama.

Harithi alimpokea juu ya ukuta akasema: "Bwana Mrisho, mtoto akizaliwa nije nimuadhinie mimi pia?"

Nikamwambia afanye haraka, maji yanapoa.

Sabiha alimnyonyoa kuku. Alikuwa anatabasamu kidogo. Nadhani ni mapenzi.

Alhamisi, 17 Julai

Mkutano wa mwisho wa silaha kwa mjomba. Amekubali bunduki ya pampu. Amekubali pampu tano, zisizidi. Nisogee mpaka mapazia kumi, nipige kwenye shina la bawa, kisha nikimbie na kisu wazi, maana kanga aliyeanguka hatoi miadi. Akaniuliza kisu nakijua? Nikasema kisu ni kisu. Akasema anaweza kunifundisha leo, ana bata mzima pale nyuma. Nikasema mjomba, mimi ni mume wa mtu.

Mudrick ametuma sauti kwenye kundi. Anasema mtego wake hauhitaji pampu, hauhitaji kibali cha mjomba, na kila siku anamkuta kanga wake mzima amekaa anamngoja. Shangazi wa pili ameuliza kama kuna haja ya kununua nyama ya akiba kwa ajili ya Jumapili. Sabiha amemjibu yeye, na kupitia kwake ukoo mzima: hakuna haja. Mume wangu akisema kanga, ni kanga.

Ameandika hivyo. Nimeipiga picha ile meseji nimeiweka kwenye kioo cha simu. Kila nikiwasha simu naisoma, kisha naizima haraka.

Jumamosi, 19 Julai

Tumeondoka Msalato asubuhi kwa pikapu ya mjomba. Sabiha katikati yetu, bunduki imefungwa kwenye sanduku lake nyuma ya kiti, kibali mfukoni mwa mjomba. Lami mpaka Kondoa, kisha vumbi. Sabiha alikuwa ananionyesha vilima vyake kimoja kimoja kwa majina, huku akipiga paja langu. Pale alipoanguka kwenye punda. Pale alipojificha akila karanga za kupanda. Naweza kuandika daftari zima juu ya safari ile, ila goti la mjomba lilikuwa linalia kila akikanyaga klachi na yeye alilia pamoja nalo.

Busi. Mama mkwe, Mwanahawa, alinipokea vizuri, akanipa maji ya kunawa, akasema nimekonda. Mzee Halfani akiwa kwenye kiti chake cha ngozi alipokea shikamoo yangu, akamwambia mjomba: "Mpe mgeni kiti."

Mudrick alikuja kusalimia. Akaomba aione bunduki. Mjomba akamwonyesha. Akaipampu hewani kwa kidole kimoja, haina risasi haina kitu, akasema kumbe ni ya kujazia matairi.

Nikamwambia kesho tutaona nani atakula cha nani. Niliisema kwa sauti. Wote walisikia. Naona sasa kwamba ningeweza kuisema kwa sauti ndogo.

Jumapili, 20 Julai

Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya ghala la uwele. Niliyoyafanya leo yatasimuliwa hapa mpaka barabara iwekwe lami.

Alfajiri tulikwenda kwenye mashamba yaliyovunwa, chini ya kilima. Mjomba akakaa juu ya jiwe, goti limegoma, ila kutoka pale ananiona mimi na bunduki. Kanga walikuwepo, kama ishirini, wanaokota punje, vichwa vya buluu vinapanda na kushuka. Nikatambaa. Mapazia kumi na tano. Kumi na mawili. Kumi. Pampu tano zilikuwa tayari ndani. Nyuma ya kanga nilitazama: kichuguu. Tupu. Nikapiga.

Akaanguka.

Mimi, Mrisho, muuza mapazia. Akaanguka. Wenzake wakaruka wakipiga kelele za malango yasiyopakwa mafuta, yeye akabaki anapiga bawa moja nyuma ya kichaka. Nikakimbia na kisu wazi kama nilivyofundishwa. Nikamfikia akiwa hai. Hai kabisa! Utafiti wangu haukukosea hata kwa pampu moja.

Nikamwelekeza kibla. Nikasema bismillahi.

Akanitazama. Manyoya yake yana madoa meupe, mamia, kila doa mahali pake, hakuna fundi wa kitambaa anayeweza. Nikasema bismillahi mara ya pili. Mkono haukwenda. Nikasema ya tatu, ndefu zaidi, nikifikiri mkono utaelewa.

Katika ile ya tatu kanga aliacha kusubiri. Kichwa kikalala kwenye kiganja changu.

Ndipo nikachinja. Mkono sasa ulikwenda bila taabu yoyote. Damu ilitoka matone tu. Kichaka kilikuwa kinanikinga, hakuna aliyeona. Mjomba akapaza sauti kutoka kwenye jiwe: "Umewahi?"

Nikasema nimewahi. Neno lilitoka kabla sijalishika mkia.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Sabiha alitukimbilia njiani, mtandio umeanguka mabegani, hakunikumbatia kwa sababu ya watu, ila alinishika kidole kidogo akakibana. Machozi yalikuwa yanamtoka. Shangazi wakapiga vigelegele. Mudrick alikuwa amesimama na kikapu chake kilichofunikwa. Mzee Halfani alimchukua kanga, akampima uzito kwa mkono, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nimjue kama mtu mwenye uso. Akasema: "Karibu nyumbani, mwanangu."

Nilikuwa nimengoja neno hilo zaidi ya mwezi. Lilinishuka kama jiwe la kusagia.

Kanga akaingia sufuriani. Mimi nikasali adhuhuri nyuma ya baba mkwe, sijui nilisoma nini. Nilijipa hoja zote. Kwamba huenda alikuwa bado na roho. Kwamba nilisema bismillahi tatu, hiyo ni ziada. Kwamba Sabiha amesema mbele ya ukoo. Sinia likaja. Wanaume tukakaa mkekani. Mzee Halfani akanawa, akavunja paja, akasema bismillahi, moja tu, ya mtu asiye na wasiwasi, akalipeleka mdomoni.

Nikamshika mkono.

Nilimshika baba mkwe mkono wenye nyama, mbele ya wanaume tisa. Hata yeye hakuelewa kwanza. Alidhani nataka paja. Nikasema mzee, naomba usile. Alikufa kabla ya kisu. Nilichelewa. Bunduki haikuchelewa, mimi ndiye niliyechelewa. Kisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikasema sijawahi kuchinja maishani, na kwamba wale saba wa kabla ya chai hawakuwepo.

Nilisikia mbuzi wa jirani wakitafuna.

Mzee Halfani akaweka paja kwenye sinia, taratibu. Akanyanyuka kwenda kunawa tena. Mama mkwe akaja akachukua kila kitu, akawaita mbwa, akasugua sufuria kwa majivu na kuianika juani kama mkosaji. Shangazi wa pili akasema si aliuliza habari ya nyama ya akiba.

Mudrick akafunua kikapu. Kanga wawili, wazima, miguu imefungwa. Akawachinja yeye, mmoja mmoja, hata hakuvua kofia. Baada ya alasiri tulikula. Nilikula na mimi. Walikuwa watamu. Naandika hili kwa uchungu.

Sabiha amenikuta hapa nyuma ya ghala. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, marefu. Akaketi. Akasema alijua habari ya Harithi tangu kuku wa kwanza: ukuta wetu ni mfupi na Harithi ni mrefu, kofia yake inaonekana dirishani. Nikauliza na wale saba? Akasema hao hakuwaamini hata siku ile. Msimu wa uchumba wetu ulikuwa masika, na masika kanga hawaendi saba saba, wametawanyika kwenye mayai. Nikauliza basi kwa nini alimjibu baba yake hadharani. Akachora mstari kwenye vumbi kwa kidole cha mguu. Akasema alitaka kuona nitafika wapi kwa ajili yake.

Nikasema nimefika nyuma ya ghala.

Akasema anaona. Akabaki ameketi.

Jumatatu, 21 Julai

Siku ya thelathini na nane ya ndoa.

Tulikuwa tunafunga mizigo. Sauti ya Mzee Halfani ikatoka uani: "Mwanangu, njoo."

Wakwe wote watatu wengine wako makwao. Mudrick alikuwa hapo, akainua kichwa. Mzee akasema si wewe, yule mwenye kidaftari.

Alikuwa ameshika jogoo mwekundu. Akanipa kisu. Hakunitajia habari ya jana hata kidogo. Akashika miguu na mabawa, akafunika mkono wangu kwa mkono wake, mgumu kama mpini, akasema usimtazame machoni, tazama kazi. Bismillahi. Ikawa imekwisha kabla jogoo hajapata nafasi ya kunijua. Hakukuwa na ukuta wala Harithi, ni mimi. Baba akasema huyu tutamfanya supu kabla ya safari. Na akamwambia Sabiha, kama jambo dogo, kwamba mtu anayeweza kumshika mkwe wake mkono ili haramu isimfike mdomoni anaweza kuachiwa mtoto wa watu. Neno mwanangu alilisema mara mbili. Mudrick alisikia zote.

Sasa, tathmini. Nimeifikiria njia nzima na kosa nimeliona. Ni ile pampu ya tano. Ingekuwa nne na nusu, kanga angesubiri bismillahi ya nne bila wasiwasi. Mjomba anasema hakuna nusu pampu. Nimemwambia dunia haiendelei kwa watu kusema hakuna. Ameongeza sauti ya redio.

Jambo moja jingine, dogo. Wakati wa kuagana mama mkwe alilalamika kuhusu mzinga uliopo kwenye mgunga nyuma ya ghala. Asali imejaa, lakini nyuki wake ni wakali, hata Mudrick amewakimbia mara mbili na moshi wake. Sabiha alikuwa ameinamisha uso, huzuni ya kuondoka kwao. Mimi nilitaka tu auinue.

Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba nimelina asali tangu utotoni. Bila moshi.

Sabiha aliinua uso. Akanitazama muda mrefu, na kile kitabasamu cha kuku wa tatu. Halafu akawageukia shangazi zake, wote wanne, akasema: "Mmemsikia."

Tunarudi Busi Septemba. Mjomba hana mzinga wa kujifunzia, nimeshamuuliza, na amesema nisiulize tena. Haidhuru. Dukani kuna neti nyeupe ya pazia, ile nzito yenye maua, upana mita tatu. Ikishonwa vizuri kuanzia kofia mpaka magotini, nyuki atapita wapi?